Mlevi akisema amechoka, serikali inamwelekeza wapi? (Nakuru, Kisumu na Magharibi)

#1 MtuWaKaptembwa
Wadau, salamu. Naenda moja kwa moja.

Kila tukisikia serikali inapambana na pombe, ni mitungi inamwagwa, mapipa yanatobolewa, chifu anapigwa picha kando ya mtambo. Sawa. Lakini mtu mwenyewe akiamka asubuhi akasema "nimechoka, nataka kuacha", anabisha mlango upi?

Utafiti wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wa 2022 ulisema Wakenya wa miaka 15 hadi 65 wanaokunywa pombe ni asilimia 12.2. Magharibi peke yake ni asilimia 23.8, na ndiyo iliyoongoza nchi nzima. Halafu ukiuliza vituo vya serikali kuu unatajiwa Mathari, Nairobi, na Miritini, Mombasa. Yaani moto unawaka Kakamega, ndoo ya maji iko Mombasa.

Dai langu: mipango ya serikali inafukuza chupa, haimtibu mtu. Nipingeni. Na kama una ndugu aliyeacha akiwa huku kwetu, tuambie alipitia wapi.

#2 IngweDamu
Angalau kuna ligi moja Magharibi tunaongoza. Nimeketi, nasoma.

#3 Kogalo_Kondele
@IngweDamu hiyo ndiyo ligi pekee nyinyi wa AFC Leopards mtakayochukua muongo huu. Karibu kiti.

#4 AfisaWaKliniki
Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nitasema ninachokijua.

Kwanza @MtuWaKaptembwa, umeruka Eldoret. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina kitengo cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya, na hiyo iko karibu na Magharibi kuliko Nairobi.

Pili, watu wengi wanachanganya kazi mbili. Kuna kuutoa mwili kwenye pombe, na kuna kumfundisha mtu kuishi bila pombe. Ya kwanza haihitaji kituo chenye bustani na ukuta mrefu. Inahitaji wodi ya kawaida, muuguzi aliye macho na dawa.

Aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatiza ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 anaanza kutetemeka, jasho, kutapika, moyo unakwenda mbio. Wengine huanguka kifafa siku mbili za kwanza. Ikifika siku ya pili au ya tatu kuna wanaoona wadudu ukutani, wanaongea na marehemu, hawajui wako wapi. Hali hiyo inaua. Hospitalini tunampa diazepam kwa kipimo kinachopunguzwa kidogo kidogo, maji, na vitamini B1, kwa sababu mlevi wa muda mrefu hula vibaya na ubongo wake unaweza kuharibika kabisa akikosa hiyo.

Kwa hivyo wale mnaomfungia kaka chumbani na sufuria ya uji "mpaka pombe itoke", acheni. Mpelekeni hospitali ya kaunti ndogo, waambieni ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani, na glasi ya mwisho ilikuwa lini. Gilgil pia kuna wodi ya wagonjwa wa akili kwa watu wa Nakuru. Na NACADA wana simu ya bure, 1192.

#5 MtuWaKaptembwa
Eldoret ni hospitali ya rufaa, daktari. Mtu wa Funyula aliyeuza hata kitanda anafikaje Eldoret? Na akifika, kitanda kipo? Bado nasimama pale pale.

#6 BodaWaMamboleo
Mimi 1192 nilipiga kwa ajili ya binamu yangu. Walinisikiliza vizuri, hawakunikimbiza, wakaniambia vituo vilivyosajiliwa viko wapi. Kilichotushinda ni bei. Kituo kimoja cha kibinafsi kilitaka elfu sabini kwa mwezi, na walitaka akae miezi mitatu. Piga hesabu ya boda hapo. Tuliuza ng'ombe mmoja tukalipa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili jamaa akarudi nyumbani akiwa nusu mtu nusu mlevi.

#7 BintiyeMamaPima
Niseme kitu ambacho hakipendwi. Mimi nilisomeshwa na chang'aa. Mama alipikia kando ya mto huku kwetu Kaunti ya Kakamega, mimi ndiye nilibeba kuni.

Mnajua mtambo unavyofanya kazi? Sukari guru na kimea vinachacha siku kadhaa kwenye pipa lililofunikwa kwa gunia. Ikiacha kutoa povu, unawasha moto chini ya pipa, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji ya mto, unatoka tone kwa tone kwenye mtungi. Matone ya kwanza mama alikuwa anayamwaga chini, anasema hayo ni ya kupofusha. Siku hizi wanaopika kwa haraka hawamwagi kitu, na wengine wanaongeza vitu vya dukani ili iwe kali. Hapo ndipo watu wanafia.

Askari walikuja kila Ijumaa. Hawakuja kumwaga. Mama aliweka pesa ndani ya kiberiti, kiberiti kikabadilisha mkono, wakaenda. Mwezi ambao kiberiti kilikuwa tupu ndio mwezi mtambo "uligunduliwa".

Sasa ukiniambia mpango wa kuzuia, nakuuliza: yule mama umempa kazi gani nyingine? Magharibi inaongoza kwa sababu pombe ndiyo biashara pekee ambayo mjane anaweza kuianza kwa kukopa sukari.

#8 SajiniMstaafu
Bi. Binti, siyo sote tulikula kiberiti. Nilihudumu Bonde la Ufa na Nyanza. Unamkamata mama pima, yaani muuza chang'aa, Jumatatu, anapigwa faini, wateja wake wenyewe wanachanga, Jumatano anapika. Niliwahi kumkamata mmoja Njoro, nikarudi baada ya wiki nikakuta mtambo mpya na bomba refu zaidi. Hapo askari afanye nini?

#9 BintiyeMamaPima
@SajiniMstaafu ulirudi baada ya wiki kufanya nini, baba? 😄

#10 Kogalo_Kondele
Kiberiti kilikuwa kimeisha njiti 😂😂

#11 MzeeWaMaragoli
Vijana heshimuni umri. Nyinyi wote mmekosea chanzo. Chang'aa ilipigwa marufuku tangu enzi za Moi na bado ni haramu mpaka leo, ndiyo maana inapikwa gizani na inaua. Busaa, pombe ya nafaka, haikuwa hivyo. Zamani mtungi uliwekwa katikati, wazee wameuzunguka na mirija mirefu, kila mmoja ana mahali pake pa kukaa. Kijana hakusogea. Mwenye kelele alinyang'anywa mrija. Ilinywewa kwenye matanga, kwenye mahari, baada ya mavuno, basi. Serikali ilipofukuza busaa ilifukuza pia wale wazee waliokuwa wanashika nidhamu. Mnatafuta tiba hospitalini wakati ugonjwa ulianzia kwenye mtungi uliovunjwa.

#12 Mwalimu_Lugari
Shikamoo mzee. Naomba kusahihisha hapo kwenye sheria. Marufuku ya chang'aa ilifutwa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu wanaiita Sheria ya Mututho, ndiyo iliyofuta ile ya kupiga chang'aa marufuku. Tangu hapo inaruhusiwa kutengenezwa na kuuzwa kwa leseni, kwa viwango, ikiwa imefungwa kwenye chupa. Kinachokamatwa leo ni kupika bila leseni. Tatizo ni kwamba mama wa kando ya mto hawezi kutimiza yale masharti hata akiota.

Sheria hiyo hiyo ndiyo ilileta saa za baa: jioni saa 11 hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu.

#13 IngweDamu
Mututho si ndiye aliyekuwa mbunge wa Nakuru Mjini? Watu wa Nakuru ndio mlituletea balaa.

#14 MtuWaKaptembwa
Naivasha, ndugu. Mututho alikuwa wa Naivasha. Baadaye akawa mwenyekiti wa NACADA. Na hizo saa za baa njoo Kaptembwa saa 2 asubuhi uzione zinavyofuatwa. Mlango wa mbele una kufuli, wa nyuma una foleni ya watu wanaotoa loku, yaani uchovu wa pombe ya jana.

#15 MzeeWaMaragoli
Mwalimu, sheria iliyo kwenye karatasi mimi siipingi. Nimesema gizani, na gizani ndiko inakopikwa. Mtungi umevunjwa.

#16 Omukhana_Butere
Baba mzee, kwa heshima zote, huo mtungi mnausifu sana. Mjomba wangu hakuwahi kugusa chang'aa maisha yake yote, alikuwa mtu wa busaa tu, ya heshima, na mrija. Ini lilimwisha akiwa hajafika 50. Macho yalikuwa ya njano kama ndizi mbivu, tumbo limejaa maji, kila wiki anatolewa lita kadhaa. Na wale wazee wa nidhamu ndio walikuwa wanamletea kikombe kitandani, wakisema ni cha kumpa nguvu.

Mimi naona ni uchumi. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, Webuye, kilifungwa 2009. Kiwanda cha sukari cha Mumias kikawekwa chini ya msimamizi wa benki 2019, lakini kilikuwa kimekufa hata kabla ya hapo. Wanaume walioshinda kiwandani au shambani kwa miwa wakabaki wameketi sokoni kuanzia saa 3 asubuhi. Mtu huyo utampeleka rihabu, atatoka, ataketi wapi? Hapo hapo.

#17 Wa_Limuru
Samahani naingia kutoka nje. @Omukhana_Butere hiyo ya viwanda hainiingii. Kwetu kuna chai, kuna maziwa, kuna kazi Nairobi mwendo mfupi, na bado vijana walizama. Rais Uhuru 2015 alitoa amri pombe haramu imwagwe eneo lote la Kati. Ilimwagwa. Waraibu wakapelekwa vituoni kwa mabasi. Baada ya mwaka mmoja wengi walikuwa barabarani tena.

Halafu Kiambu tulikuwa na ule mpango wa Kaa Sober wa gavana Waititu. Mlevi anafyeka nyasi na kuzibua mitaro, analipwa shilingi 400 kwa siku, na anapewa ushauri nasaha. Ulikuwa na maneno mengi kuhusu pesa zake. Lakini nisikilizeni: kijijini kwetu niliona watu walioanza kuoga tena. Si utani. Mtu akijua kesho anahesabiwa kazini, usiku anapunguza.

#18 BodaWaMamboleo
400 kwa siku kwa mlevi? Mimi ambaye silewi nani ananilipa? Basi na mimi nianze kunywa nisajiliwe.

#19 SajiniMstaafu
Wengi walichukua zile 400 wakaenda nazo moja kwa moja kwa mama pima. Hilo tulilisikia mpaka huku.

#20 Wa_Limuru
Wengine ndiyo. Wengine walinunua unga na sare ya mtoto. Mpango ulikufa kwa siasa kabla hatujajua walikuwa wangapi upande gani.

#21 NyarNyalenda
Mnaongea pombe tu. Huku Kisumu kuna unga pia, watu wanafikiri heroini ni ya Mombasa. Kaka yangu alijidunga miaka mingi. Sasa anakunywa methadoni katika kliniki ya Jaramogi Oginga Odinga, hiyo ni ya serikali na halipi.

Inavyokwenda: anafika asubuhi, kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Anajitambulisha, anapewa kikombe kidogo, anakunywa mbele ya muuguzi, kisha anaongea neno moja au mawili ili waone amemeza na hajabakisha mdomoni akauze. Basi. Arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, haimshiki, hatafuti pesa ya kete, haibi. Amerudi kwenye kuosha magari pale ziwani. Wale wanaosema serikali haina mlango, huu hapa mlango mmoja. Ubaya wake ni kwamba hawezi kusafiri hata kwenda matanga Siaya siku mbili bila kupanga na kliniki.

#22 Jirani_Obunga
Asante dada. Nina mjomba wa chang'aa, anaweza kupelekwa hapo apewe hiyo methadoni?

#23 AfisaWaKliniki
@Jirani_Obunga hapana. Methadoni ni kwa heroini na jamii yake. Inakaa mahali pale pale heroini inapokaa kwenye ubongo, ndiyo maana inazima arosto. Kwa pombe haifanyi kazi, na kumpa mtu aliyelewa ni hatari, anaweza kuacha kupumua. Kwa bangi, miraa au muguka pia haihusiki.

Kliniki za aina hiyo zilianza Mathari mwishoni mwa 2014, zikaenda Pwani, na Kisumu ikafuata. Jamii hapo mwanzo zilisema tunabadilisha sumu kwa sumu. Lakini sindano za kuchangia zilikuwa zinasambaza Ukimwi na homa ya ini, na mtu anayekunywa kikombe hajidungi.

#24 MkeWaMtu_Bahati
Mimi nina njia ya mkato. Kuna vidonge, mtu akivimeza halafu akinywa pombe anatapika mpaka anaikataa mwenyewe. Rafiki yangu alimsagia mumewe kwenye mboga bila yeye kujua. Kinaitwaje hicho kidonge nitafute duka la dawa?

#25 AfisaWaKliniki
Dada tafadhali usifanye hivyo. Hiyo ni disulfiramu. Mtu akinywa pombe juu yake, shinikizo la damu linaweza kuanguka, moyo ukaenda vibaya, na amewahi kufa mtu. Hupewa aliyekubali mwenyewe, aliyepimwa ini na moyo, anayejua kwamba hata dawa ya kikohozi yenye pombe itamletea shida. Kumwekea kwa siri ni kumwekea sumu, na sheria itaiona hivyo.

Kuna dawa nyingine ya kupunguza hamu, naltreksoni. Hiyo haifanyi kazi kwa kumtapisha mtu, lakini upatikanaji wake kwenye hospitali za umma si wa kutegemea. Muulize daktari wa akili.

#26 MkeWaMtu_Bahati
Nimeelewa. Lakini daktari, yeye hakubali ana shida. Nifanye nini na mtu ambaye hakubali?

#27 Fundi_Viatu
@MkeWaMtu_Bahati ngoja nikujibu mimi, niliyekuwa sikubali.

Nilikuwa nashona viatu karibu na stendi ya Nakuru. Nilianza na pombe ya jioni, ikawa ya mchana, mwishowe mkono haukuweza kutia uzi kwenye sindano kabla ya glasi ya kwanza. Wateja walikuwa wanajua: kiatu chako kikishonwa kabla ya saa 3 asubuhi, mshono umepinda. Mke aliniambia mara elfu, mama alilia, pasta aliniombea nikaanguka, nikaamka, nikaenda kunywa. Sikukubali kwa maneno ya mtu.

Kilichonishika ni mtoto mmoja wa shule aliyeleta kiatu, akautazama mkono wangu ukitetemeka, akakichukua kiatu chake taratibu akaenda kwa jirani. Hakusema kitu. Siku hiyo nikaenda hospitali mwenyewe.

Wodini walinikalisha kama alivyosema afisa, dawa na dripu. Nikatoka mwili safi. Na jioni ile ile nikataka kunywa. Kwa hivyo MtuWaKaptembwa ana haki nusu: hospitali ilikuwepo, ilinipokea, lakini baada ya mlango wa kutokea hakukuwa na kitu. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna kikundi cha serikali, hakuna mshauri. Nilianguka tena. Kilichonibeba baadaye ni kikundi cha walevi walioacha, tunakutana kwenye chumba cha kanisa, hakuna ada, unasema jina lako la kwanza na unasema ukweli. Chai tunachanga.

Dada, kwa mume: usimlipie deni la baa, usimpigie bosi wake simu ukidanganya anaumwa na malaria. Mwache aguse uzito wa kitu chake. Lakini akikupiga, ondoka, hilo halina mjadala.

#28 MkeWaMtu_Bahati
Asante fundi. Hiyo ya malaria umenijulia wapi?

#29 Fundi_Viatu
Wote tuna malaria kila Jumatatu.

#30 PastaKijana_Bungoma
Mbona hakuna anayetaja wokovu? Nimeona watu wakiacha siku moja, bila dripu. Uraibu ni kifungo cha kiroho, na serikali haiwezi kutibu roho kwa bajeti.

#31 AfisaWaKliniki
Pasta, waombee, sipingi. Naomba tu akianza kutetemeka na kuona vitu katikati ya maombi, msiseme ni pepo linatoka. Mpakieni kwenye gari. Nimepokea waliofungwa minyororo kwenye makambi ya maombi wakiwa wamekauka midomo, na mmoja hatukumuwahi.

#32 PastaKijana_Bungoma
Si makanisa yote yanafunga watu minyororo.

#33 AfisaWaKliniki
Sikusema yote.

#34 Msomaji_Eldoret
Kuna kitu kati ya hospitali na kanisa mnakiruka. Eldoret, mpango wa afya wa AMPATH ulifanya jaribio kwa watu wenye virusi vya Ukimwi wanaokunywa pombe. Vikundi vidogo, vikao vya kila wiki, kwa Kiswahili, na wanaoongoza si madaktari, ni watu wa kawaida waliofundishwa. Wanazungumza mambo kama: nani ananipa pombe, njia gani naipita nikirudi nyumbani, nitasema nini nikiitwa. Matokeo yalionyesha waliohudhuria walipunguza kunywa kuliko wenzao waliopewa mafundisho ya kawaida ya afya. Kama mtu wa kidato cha nne anaweza kuongoza kikao hicho, kwa nini wahudumu wa afya ya jamii wa kaunti wasifanye? Wanapita nyumba kwa nyumba hata hivyo.

#35 Omukhana_Butere
Mama yangu mkubwa ni mhudumu wa jamii. Ana simu ya kaunti, mkoba, mizani ya watoto, na nyumba nyingi za kutembelea. Posho yenyewe inakuja ikipenda. Muongezeeni na walevi sasa.

#36 Jirani_Obunga
SHA, hii bima ya afya ya serikali, inalipia hii mambo? Mjomba amesajiliwa.

#37 Mwalimu_Lugari
Kusajiliwa si kulipa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na mshahara anapimwa kipato cha nyumba, anakatwa asilimia 2.75, isiyopungua 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Sasa mlevi wa Obunga au Rhonda atoe angalau 3,600 mara moja! Kuna mpango wa kukopeshwa ulipe pole pole, ulizia huo. Matibabu ya uraibu yako ndani ya huduma za afya ya akili, lakini lazima kituo kiwe kimeingia mkataba na SHA, na kiasi kina kikomo. Uliza kituo kabla ya kumpeleka, wakuambie SHA italipa nini na wewe utatoa nini.

#38 IngweDamu
Na ile habari ya miaka 21? Nilisikia kuanzia mwaka jana mtu wa miaka 20 akionekana na bia anashikwa.

#39 Mwalimu_Lugari
Hapana. Ile ilikuwa sera ya taifa iliyozinduliwa Julai 2025, ikapendekeza umri upande kutoka 18 hadi 21, pombe isiuzwe mtandaoni wala kupelekwa nyumbani, wala kwenye supamaketi. Watu walipopiga kelele, serikali ikaeleza kwamba sera si sheria. Umri wa kisheria ulibaki 18 mpaka Bunge libadilishe.

#40 Kogalo_Kondele
Bunge lenyewe lina baa. Tusubiri.

#41 BodaWaMamboleo
Mimi naona uraibu mkubwa siku hizi ni kamari kwenye simu. Kijana halewi lakini ameuza pikipiki ya mwenyewe. Mbona hakuna uzi wa...

#42 MtuWaKaptembwa
Fungua wako, ndugu. Huu ni wa pombe na dawa za kulevya.

#43 Mwalimu_Lugari
Ila @BodaWaMamboleo ameigusa bila kujua. Fungueni Katiba, Jedwali la Nne, kazi za kaunti. Leseni za pombe hazikuwekwa kwenye afya. Ziko kwenye fungu la burudani, pamoja na kamari, mashindano ya mbio na sinema. Afya ina fungu lake, na udhibiti wa dawa za kulevya una fungu lake mbali kabisa, pamoja na picha za ngono. Kwa hivyo ofisi inayokusanya ada ya baa haikutani na daktari anayepokea ini lililooza. Kaunti ikifungua baa zaidi, mapato yanapanda upande mmoja, wodi inajaa upande mwingine, na hakuna anayeweka hesabu hizo mbili kwenye karatasi moja. Kwangu hilo ndilo jibu la swali la #1, kuliko mtungi na kuliko kiwanda.

#44 MzeeWaMaragoli
Mwalimu umesema vizuri, lakini wakoloni hawakuwa na Jedwali la Nne na watu walikunywa.

#45 BintiyeMamaPima
Na ada ya leseni ikiondolewa leo, kando ya mto bado wanapika. Mama hakuwahi kulipa kaunti hata shilingi.

#46 SajiniMstaafu
Mnasahau Kirinyaga, Februari 2024. Watu walikufa kwa pombe iliyouzwa kwenye baa, siyo kando ya mto. Mwezi uliofuata Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, akatoa masharti 25, leseni za viwanda vya pombe za bei nafuu zikasimamishwa zikaguliwe upya, baa za ndani ya mitaa ya makazi zikaamriwa kufungwa. Leseni bila ukaguzi ni karatasi. Mimi nasema tatizo ni ukaguzi, na mkaguzi akihongwa afungwe yeye kwanza.

#47 BintiyeMamaPima
Hapo kwenye mkaguzi kufungwa tumekubaliana, baba. Weka tarehe.

#48 NyarNyalenda
@MkeWaMtu_Bahati niliona swali lako halikujibiwa lote. Kuna vikundi vya familia za walevi pia, siyo vya walevi wenyewe tu. Nikutumie ujumbe wa faragha? Kuna kimoja kinakutana Nakuru, rafiki yangu anahudhuria.

#49 MkeWaMtu_Bahati
Nitumie dada, asante. Nikija nitasema naenda chama.

#50 MtuWaKaptembwa
Swali la mwisho kwa @Mwalimu_Lugari. Baa mpya inajengwa mkabala na shule ya msingi mtaani kwetu, mabati tayari, rangi bado. Mkazi wa kawaida anaruhusiwa kupinga leseni?

#51 Mwalimu_Lugari
Anaruhusiwa. Maombi ya leseni hutangazwa na kamati ya kaunti ndogo husikiliza pingamizi. Andikeni barua, wazazi watie sahihi wengi, mwalimu mkuu naye agonge muhuri, mpeleke nakala mbili, moja mgongewe "imepokelewa" mrudi nayo. Msiende na maneno ya mdomo. Pimeni na umbali kutoka lango la shule, wataulizia.

#52 MtuWaKaptembwa
Sawa. Kamati inakaa siku gani?

#53 SajiniMstaafu
Uliza ofisi ya msimamizi wa kaunti ndogo. Na fikeni mapema, mwenye baa atakuwa ameshafika.